Breki Umeziona?

Karakana ya mama yangu ina mlango mmoja mpana na dirisha moja dogo, na kila kitu ndani yake kina msumari wake. Spana zimening'inizwa kwa ukubwa, kuanzia ndogo inayotosha kwenye kiganja hadi ile ndefu ambayo mimi naibeba kwa mikono miwili. Tairi kuukuu ziko juu karibu na dari, na chini kuna ndoo ya maji ya kutafutia pancha. Nikirudi shuleni huvua sare, huvaa aproni inayonifika kwenye vifundo vya miguu, kisha huanza kazi. Watu humwita mama Fundi. Mimi huniita Spoku, kama ule waya mwembamba wa gurudumu, kwa sababu nina miaka kumi na miwili na miguu yangu haijanenepa hata kidogo. Zamani nilikuwa nikinuna wakiniita hivyo, siku hizi naitika.

Karakana yetu ina maneno yake. Kwingine kote, mtu akikuuliza kama umeona kitu, anauliza habari za macho. Kwetu, breki huonwa kwa mikono. Unabana breki ya mbele, unasukuma baiskeli kwa uzito wako wote mpaka gurudumu la nyuma linyanyuke kidogo. Unabana ya nyuma, unasukuma tena, na gurudumu lazima ligome kuzunguka. Kisha unapitisha kidole kwenye waya wote, hasa pale unapoingia kwenye mkono wa breki, maana waya huanza kukatika mahali ambapo macho hayafiki. Baiskeli ikifaulu, unachora mstari wa chaki chini ya kiti.

Mama akiuona mstari wa chaki hagusi tena. "Siwezi kurudia kazi ya fundi mwenzangu," husema. Nikisikia hilo neno "mwenzangu" huvimba kichwa mpaka chakula cha jioni.

Ijumaa moja kulikuwa na baiskeli tisa zimeegemezwa ukutani. Kesho yake wanafunzi wanane wa chama cha historia, nikiwemo mimi, tulikuwa tunakwenda milimani kuona mabaki ya kale: daraja la mawe, mnara wa walinzi, na birika la maji lililochongwa ndani ya mwamba. Baiskeli ya tisa ilikuwa ya mwalimu wa historia, ambaye angetangulia mbele. Mama angekuja nyuma kabisa kwa baiskeli yake, na mfuko wa vifaa mgongoni. Safari ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya mvua, na shule nzima ilikuwa imechoka kutusikia tukiizungumzia.

"Spoku, breki zote ni zako leo," mama aliniambia. "Mimi nina gurudumu la kunyoosha hapa, limepinda kama kiuno cha mcheza ngoma."

Nilianza vizuri. Baiskeli saba niliziona kwa mikono, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikawa vyeusi. Zilibaki mbili: moja ya kijani iliyopakwa rangi upya, na nyingine yenye kikapu mbele. Wakati huohuo nikasikia nje kamba inapiga ardhi, pa, pa, pa, na wasichana wanahesabu. Walikuwa wanaruka kamba.

"Spoku! Zamu yako inapita!" aliita Kinanda. Huyo ni rafiki yangu wa karibu. Jina hilo alilipata kwa kuwa hanyamazi, na asipoongea anaimba.

Nikazitazama zile baiskeli mbili. Waya zilikuwa zinang'aa. Mipira ya breki ilikuwa minene. Nikachora chaki chini ya kila kiti, nikavua aproni haraka haraka.

"Breki umeziona?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimeziona," nikajibu.

Sijadanganya, nilijiambia nikikimbia nje. Si nimeziona kwa macho yangu haya mawili?

Jumamosi asubuhi tulikusanyika mbele ya karakana. Kinanda hana baiskeli yake mwenyewe, kwa hiyo mama alimwazima ile ya kijani. Yenye kikapu ilikuwa ya dada yake Profesa. Profesa ni mvulana wa darasa letu mwenye miwani mizito, na ndani ya kile kikapu hakuweka chakula wala koti, aliweka daftari. Tangu mwaka jana alikuwa akilisubiri birika. Alisikia lina ngazi za mawe zinazoshuka mpaka kwenye maji, wengine wakisema hamsini, wengine sitini, naye alitaka kuzihesabu mwenyewe. Ukurasa mzima ulikuwa umepigwa mistari tayari kwa ajili ya mchoro.

Mama alipita baiskeli hadi baiskeli, akiinama kutazama chini ya viti. Chaki, chaki, chaki. Alipofika kwenye ya kijani aliona chaki, akapita. Nilitaka kusema, "Mama, hiyo ngoja kidogo." Ila mwalimu alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni, wenzangu wamepanda, nami nikapanda ya kwangu.

Mwalimu akapuliza. Tukaondoka.

Njia ilianza kwa upole kati ya mashamba, kisha ikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kwenye kila mteremko, hata mdogo, sikutazama mbele yangu. Nilitazama mgongo wa Kinanda, kisha mgongo wa Profesa, kisha tena wa Kinanda. Mara mbili niliingia kwenye mchanga wa kando.

"Spoku, umelala?" mama alipaza sauti kutoka nyuma.

"Hapana, Mama!"

Daraja la mawe lilikuwa bondeni, dogo kuliko nilivyotarajia, limejikunja juu ya mto. Tulisimamisha baiskeli, na mwalimu akatupeleka chini yake, kwenye kivuli chenye baridi. Akatuonyesha mawe. Kwenye jiwe moja palichongwa msalaba mdogo, kwenye jingine duara, kwenye jingine mistari mitatu.

"Hizi ni alama za waashi," alisema. "Kila fundi alikuwa na alama yake. Alichonga jiwe, akalipima, akaliona limenyooka, ndipo akatia alama. Mjenzi mkuu akiiona alama, hakupima tena. Alilipandisha jiwe juu."

"Kama sisi na chaki," mama alisema kwa furaha, akaniwekea mkono begani. "Umesikia, fundi mwenzangu? Kumbe tuna ndugu wa miaka mingi."

Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini mimi niliuhisi mzito kama gunia.

Profesa akanyoosha kidole. "Mwalimu, na fundi akitia alama bila kulipima jiwe?"

Mwalimu akacheka. "Basi leo hii tungevuka kwa kuogelea!"

Wote wakacheka, mama akiwemo. Mimi nilijilazimisha kuonyesha meno tu.

Tulipokuwa tunapanda baiskeli tena, Kinanda alinisogelea. "Breki yangu ya mbele inalegea. Nikibana inaingia ndani sana. Nimwambie mama yako?"

Mama alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, anakaza mfuko wake. Nikamtazama, nikaona jinsi alivyokuwa na furaha, na yale maneno "fundi mwenzangu" yakanirudia masikioni.

"Hilo ni vumbi tu," nikamwambia. "Litatoka lenyewe."

"Aa, sawa." Kinanda akaanza kuimba. Yeye akiambiwa jambo na mimi kuhusu baiskeli, huwa haulizi tena.

Ule uongo wa kwanza niliweza kuupaka rangi. Huu wa pili haukuwa na rangi yoyote ya kuupaka. Nilijua hivyo, na bado nilikanyaga pedali.

Kutoka darajani njia ilipanda moja kwa moja hadi kwenye mnara, na wengi wetu tulishuka tukasukuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliupenda mlima. Mtu anayepanda mlima hahitaji breki. Niliomba usiishe. Lakini mlima uliisha, na juu yake palikuwa na mnara wa walinzi: kuta tatu, dirisha moja lililobaki, na majani yameota mahali palipokuwa sakafu. Tulikaa tukala mkate na machungwa. Mwalimu alitueleza jinsi walinzi walivyokuwa wakisimama kwenye dirisha lile kutazama nani anakuja kwa njia ya bondeni.

Nami nikaenda kuchungulia. Afadhali nisingechungulia. Upande wa pili wa kilima njia ilishuka kwa kona saba. Chini kabisa ilikata barabara kubwa, na kwenye barabara ile niliona malori ya kokoto yakipita, moja, halafu jingine, halafu jingine. Mbali ng'ambo ya barabara ndipo lilipokuwa birika.

"Sikilizeni," alisema mwalimu. "Huu ndio mteremko wetu mrefu. Breki zote mbili, kidogo kidogo, msiziachie. Chini tunasimama wote kabla ya barabara. Mnanielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Nilimvuta Kinanda pembeni. "Tubadilishane baiskeli."

"Kwa nini? Ya kwako nyekundu mbaya."

"Nataka tu kuijaribu hiyo ya kijani. Tafadhali, ndugu yangu."

Aliniangalia juu chini. Simwiti ndugu yangu ila nikiwa nataka kitu. Lakini alinipa. Alipokalia baiskeli yangu, ambayo niliiona kwa mikono siku iliyopita, nilipumua kidogo. Kisha nikafanya kile nilichopaswa kufanya Ijumaa. Nikabana breki ya mbele ya ile ya kijani. Mkono wa breki ulikuja wote mpaka ukagusa usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba sijafanya kitu. Nikapitisha kidole pale waya unapoingia. Nyuzi zilizokatika zikanichoma, nikatoa kidole chenye tone la damu. Waya ulikuwa umebaki nyuzi tatu, labda nne. Rangi mpya ilikuwa imeficha kila kitu.

Niliwaza Kinanda kwenye kona ya tano, akiimba.

Hata hapo, naona aibu kulisema, bado nilitafuta njia ya kujificha. Nitasema tumbo linaniuma, niliwaza. Nitashuka nikisukuma hii baiskeli kwa miguu mpaka chini. Kesho nitabadilisha waya bila mtu kujua. Kinanda yuko salama, mimi niko salama, yameisha.

Ndipo nikakumbuka kikapu.

Niliinua kichwa. Profesa alikuwa wa kwanza kwenye mstari, nyuma tu ya mwalimu, daftari lake kwenye kikapu, mguu mmoja tayari kwenye pedali. Kati yake na mimi kulikuwa na wanafunzi sita. Sikuwa na baiskeli nyingine ya kubadilishana. Mwalimu akaweka filimbi mdomoni, akapuliza, na yeye na Profesa wakaanza kuteremka.

"Simameni!" nilipiga kelele. "Profesa, simama! Usiende! Breki!"

Sauti ilinitoka mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mnara. Niliitupa baiskeli ya kijani, nikakimbia kando ya mstari huku nikipunga mikono. Mwalimu alisimama. Profesa alibana, baiskeli ikasota kidogo kwenye changarawe, akashusha mguu na kusimama kabla hajafika kona ya kwanza. Miwani ilikuwa imemshuka hadi puani. Aligeuka akaniangalia.

Mama alikuwa ameshanifikia. "Kuna nini? Umeumia? Mbona kidole kina damu?"

"Mama, breki mbili sikuziona."

"Jana ulisema umeziona."

"Niliziona kwa macho."

Mama hakunigombeza. Alirudi taratibu mpaka kwenye baiskeli ya kijani, akaisimamisha, akabana breki ya mbele kwa nguvu, kama tunavyobana kwetu. Tak! Waya ukakatika. Ukaning'inia pale mbele ya watu wote.

Kinanda aliutazama ule waya, akanitazama mimi. "Uliniambia ni vumbi," alisema kwa sauti ndogo.

Machozi yalinitoka yenyewe.

Mama alimwendea Profesa, akaichukua baiskeli yenye kikapu. Akabana mbele, akasukuma, gurudumu la nyuma likanyanyuka. Akabana nyuma, likagoma. Akapitisha kidole kwenye waya kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ni nzima," alisema.

Moyo uliruka. "Kwa hiyo, Mama, haikuwa..."

"Kwa hiyo nini? Jana ulijua kwamba ni nzima?"

"Hapana."

"Asubuhi ya leo ulijua?"

"Hapana, Mama."

"Ulipoona anaanza kuteremka?"

Nikatikisa kichwa. Ni kweli, sikujua. Njia nzima sikujua.

Alinyoosha mkono. "Nipe chaki."

Nilikuwa nayo mfukoni, kama kawaida. Nikampa. Sikumbuki kama nimewahi kumpa mtu kitu nikaumia vile.

"Sasa pangeni baiskeli zote," aliwaambia wenzangu. "Zote tisa. Na wewe anza na ya kwanza."

"Lakini hizo saba niliziona kwa mikono, Mama. Kweli kabisa."

"Nakuamini. Ila mimi ni mama yako. Hawa watakuaminije? Chaki ya leo haiwaambii kitu."

Nilianza na ya kwanza. Jua lilikuwa kali, kivuli cha mnara kilikuwa kifupi, na wenzangu walikaa wakinitazama. Wengine walinong'ona, mmoja akapiga miayo kwa makusudi. Nilibana, nikasukuma, nikapitisha kidole. Waya mpya wa baiskeli ya kijani niliufunga mimi, na mama alikaa kando bila kunisaidia isipokuwa kunipa spana. Nilipomaliza ya tisa, saa na nusu ilikuwa imekwisha.

Mwalimu aliangalia saa yake, akaangalia mteremko, akaangalia wingu lililokuwa linajikusanya upande wa pili. "Birika hatuliwahi," alisema. "Tukifika barabarani, tunageuka kushoto moja kwa moja nyumbani."

Profesa alifungua daftari, akautazama ule ukurasa wenye mistari, akalifunga na kulirudisha kwenye kikapu. Afadhali angenitukana.

Niliteremka kwa baiskeli ya kijani, wa mwisho kabla ya mama. Kona zote saba breki zilishika. Chini, kabla ya barabara, tulisimama wote kumi kwenye mstari, na lori la kokoto likapita mbele yetu likitutupia upepo na vumbi. Nililitazama mpaka likapotea.

Jumatatu nilimfuata mwalimu ofisini wakati wa mapumziko. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba twende tena. Birika tu. Wenzangu hawakukosea."

"Marahaba," alisema. "Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Waambie wenzako wiki mbili zijazo, mvua isiponyesha."

Kuwaambia wenzangu haikuwa rahisi kama kumwambia yeye, hasa Kinanda, ambaye siku nne hakuniimbia hata mstari mmoja. Nilimwomba radhi mara ya kwanza akanigeuzia mgongo, mara ya pili akaniuliza, "Ungekuwa wewe?" Mara ya tatu aliniambia nikae.

Ijumaa iliyotangulia safari ya pili, baiskeli tisa zilikuwa tena ukutani. Kamba ilikuwa inapiga nje, pa, pa, pa. Mama alipita akaweka kitu kwenye meza ya kazi, akarudi kwenye gurudumu lake. Ilikuwa chaki. Nilibana, nikasukuma, nikapitisha kidole, baiskeli zote tisa, mpaka wasichana wakachoka kuruka wakaenda kwao.

"Breki umeziona?" mama akauliza.

Nikamwonyesha mikono yangu, myeusi mpaka kwenye viwiko. Akatazama, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na kazi.

Asubuhi Kinanda alikuja kuchukua ile ya kijani. Aliinama akauona mstari wa chaki. Kisha, badala ya kupanda, akabana breki ya mbele akasukuma kwa nguvu zake zote, akabana ya nyuma, akasukuma tena. Niliona uso unanichoma. Nikataka kumwambia kwamba nimeiona, kweli kweli, kwa mikono.

Mama akanishika bega. "Mwache abane," aliniambia polepole. "Mtu akiamini chaki yako, amekukabidhi shingo yake, na hana njia ya kujua kama ulikagua au ulikwenda kucheza. Wewe peke yako ndiye unayejua. Wewe ulijua ukanyamaza, na sasa anaanza upya kukuamini. Usimharakishe. Kazi yako ni kuziona zote, kila mara, na pale ambapo hukuona, useme hukuona, hata kama filimbi imeshapulizwa."

"Bana zaidi," nikamwambia Kinanda. "Na pitisha kidole kwenye waya, pale juu. Hapo ndipo panapodanganya."

Akapitisha kidole. Hakikutoka damu. Akapanda, na kabla hatujafika kona ya kwanza nilimsikia ameanza kuimba.

Ngazi za birika ni sitini na mbili. Profesa alizihesabu kwa kushuka, akazihesabu tena kwa kupanda, ndipo akaandika.